Bwawa la Nairobi linaanzia Gatwekera

Mvua ya masika ikishika Nairobi, mkaazi wa Gatwekera hahitaji redio kumwambia imenyesha kiasi gani. Hutazama ubao wa kuvukia mtaro ulio mbele ya mlango wake. Maji yakiwa chini ya ubao, hiyo ni mvua tu. Yakiulamba ubao, viatu vinapandishwa kitandani na gunia la mchanga linasogezwa kizingitini. Yakiupita, watoto wanapelekwa kulala kwa jirani wa karibu na reli, na watu wazima wanakesha wakitoa maji kwa sufuria na ndoo.

Tuuangalie mtaro huo kwa karibu kabla hatujaenda mbali. Upana wake ni hatua moja ya mtu mzima. Siku za kiangazi maji yake ni ya kijivu, yana povu la sabuni ya kufulia, maganda ya viazi na nywele kutoka kwa kinyozi. Pale jua linapopenya katikati ya mabati, kingo zimeota utelezi wa kijani. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya mnamo Agosti 2017, lakini iliyofukiwa kabla ya hapo bado huchomoza kila mvua inapokwangua udongo, kama mizizi ya mti uliokatwa zamani. Usiku, yule ambaye choo kiko mbali, au hana pesa ya kulipia, hujisaidia kwenye karatasi au mfuko na kuutupa. Nao huishia humu humu. Chini ya hayo yote limelala tope jeusi, ambalo vijana hulizoa kwa jembe na kulirundika kando, mpaka mvua inayofuata ilirudishe lilikotoka.

Ukiufuata mtaro ukiteremka, utauona ukipokea wenzake mmoja mmoja. Gatwekera, ambayo wengine huandika Katwekera, ni mojawapo ya vijiji vya Kibera, na imekaa kwenye mteremko ulio chini ya reli. Maji hayana hiari kwenye mteremko. Mitaro inakuwa kijito, kijito kinaingia kwenye bonde la Mto Motoine, na mto unaelekea mashariki kandokando ya Kibera, huku ukichukua ya Lindi, ya Silanga na ya Soweto Mashariki, hadi unapomwaga kila ulichobeba kwenye Bwawa la Nairobi.

Kwa miaka mingi, kila anayetaka kulifufua bwawa hilo ameanza kazi bwawani. Makala hii inasema aanze juu, kwenye ubao wa kuvukia.

Kutoka tanga hadi nduma

Bwawa la Nairobi lilijengwa mwaka 1953 liwe akiba ya maji ya kunywa ya mji uliokuwa ukikua. Lilichukua eneo la ekari 88 hivi, yaani zaidi kidogo ya hekta 35, na kina chake cha wastani hakikufika mita 3. Kwa miongo kadhaa lilikuwa pia mahali pa starehe: palikuwa na klabu ya mashua za tanga, na mwisho wa wiki watu walikuja kutoka mjini kuvua samaki na kupunga upepo.

Leo anayepita Barabara ya Lang'ata anaweza kudhani pale ni malisho. Gugu maji limefunika maji, matete yameshika pembeni, na penye tope lililojaa hadi juu wakulima wamepanda nduma, miwa na sukuma wiki. Mtoto aliyezaliwa Kibera miaka ya karibuni akiambiwa kwamba hapo palikuwa na mashua, atacheka.

Vitu viwili ndivyo vilivyolimaliza bwawa, na ni vizuri kuvitenga kwa sababu dawa zake ni tofauti. Cha kwanza ni mashapo, yaani udongo, mchanga na taka zinazobebwa na maji ya mbio. Maji yakifika kwenye bwawa mwendo unapungua ghafla, nayo yanautua mzigo wao palepale, kama mpagazi aliyefika stendi. Mwaka baada ya mwaka, sakafu ya bwawa inapanda.

Cha pili ni rutuba. Mkojo, kinyesi, sabuni na mabaki ya chakula vina nitrojeni na fosforasi, vitu vilevile ambavyo mkulima hununua dukani kwa mfuko. Shambani ni baraka. Ndani ya maji yaliyotulia ni karamu ya gugu maji, mmea wa asili ya bonde la Amazon ambao, ukipata chakula cha kutosha na joto, huweza kuongeza eneo lake maradufu kwa muda wa wiki mbili hivi. Majani yake huziba mwanga. Yakifa huzama na kuoza, uozo hula oksijeni yote, samaki wanakufa, na rutuba iliyokuwa majanini inarudi majini kulisha kizazi kipya cha gugu.

Ndiyo maana kung'oa gugu kwa mikono au kwa tingatinga hakujawahi kulimaliza. Ni kufuta maji sakafuni huku bomba limeachwa wazi.

Kinamasi cha mkahawani

Mwendo mfupi kutoka bwawani, ukielekea upande wa Uwanja wa Ndege wa Wilson, upo mkahawa wa Carnivore, ambao watalii huujua kwa nyama ya kuchoma. Wachache wanaokula pale wanajua kwamba mahali hapo pana historia nyingine. Mwaka 1994, mkahawa huo na bustani ya michezo ya maji ya Splash iliyokuwa jirani yake vilijengewa kinamasi cha kusafishia majitaka. Hakikuwa kinamasi cha Mungu. Kilichorwa na wahandisi, kikachimbwa, kikawekewa kokoto na kupandwa mimea, katika eneo la nusu hekta.

Watafiti wawili, Nyakang'o na van Bruggen, walikichunguza na kuchapisha matokeo yao mwaka 1999. Uchafu unaokula oksijeni ulikuwa umepungua kwa zaidi ya asilimia 90 maji yalipofika mwisho wa safari, na sehemu kubwa ya nitrojeni na fosforasi ilikuwa imebaki njiani. Juu ya hayo, ndege walikuwa wamehamia. Mahali palipojengwa kwa ajili ya maji ya vyoo na ya jikoni palikuwa pamegeuka bustani ya kupendeza kutazama.

Jambo hilo lingetosha kumfanya mtu aseme: basi, tupande matete kwenye Bwawa la Nairobi, kazi iishe. Lakini kabla ya kusema hivyo inafaa tujue kinamasi kile kilikuwa kikifanya nini hasa, na kwa masharti gani.

Ndani ya kokoto

Chukua mche mmoja wa mafunjo uliozama kwenye kitanda cha kokoto chenye kina cha sentimita 60. Majitaka yanapita chini ya kokoto, huyaoni wala huyanusi, na mbu hana pa kutagia. Mwendo wake ni wa kinyonga; tone moja linaweza kuchukua siku kadhaa kutoka mwanzo hadi mwisho wa kitanda.

Kila kokoto imevikwa utelezi mwembamba, ule ule unaoteleza mtaroni Gatwekera. Utelezi huo ni mji wa bakteria, na hao ndio mafundi wenyewe. Mmea umewajengea nyumba na kuwaletea hewa: shina la mafunjo na la matete lina vijitundu vinavyoteremsha oksijeni kutoka majanini hadi mizizini. Karibu na mzizi, penye hewa, kundi moja la bakteria huigeuza amonia ya mkojo kuwa naitreti. Mbele kidogo, penye giza na pasipo hewa, kundi jingine huichukua naitreti hiyo na kuivunja, nitrojeni ikatoka kama gesi na kurudi angani ilikotoka. Kazi hiyo inahitaji vyumba vyote viwili, chenye hewa na kisicho na hewa, na kinamasi ndicho chenye vyumba hivyo bega kwa bega.

Fosforasi ni mkaidi zaidi, kwa sababu haigeuki hewa. Sehemu yake hushikwa na madini ya chuma yaliyomo kwenye mawe na udongo, sehemu hunywewa na mmea. Siku mawe yakishiba na mmea usipovunwa, fosforasi itapita kama abiria asiyelipa nauli. Kwa hiyo kinamasi cha kujengwa lazima kivunwe, na lazima kiwe na mtu wa kukivuna. Mayai ya minyoo na vijidudu vya kuhara navyo huchujwa, huliwa na viumbe vingine, au hufa kwa kukaa muda mrefu nje ya mwili wa mtu na, kwenye madimbwi ya wazi, kwa kupigwa na jua.

Kumbuka sasa masharti yaliyokuwapo pale mkahawani. Majitaka yalipitia kwanza kwenye tangi la kutuliza mashapo, kwa hiyo kokoto hazikuzibwa na vitu vizito. Kiasi chake kilijulikana. Yalikuja kwa bomba, na mafuriko ya mtaa mzima hayakuingia humo. Eneo lilikuwa na mwenyewe, mwenye sababu ya kulitunza, maana wageni wake walikuwa wakilitazama wakiwa mezani. Ondoa sharti moja tu kati ya hayo, kitanda kinaziba.

Hesabu ya lori elfu ishirini

Tujaribu kulipa Bwawa la Nairobi kazi ile ile. Wahandisi wa vinamasi huanza na swali moja: mtu mmoja anahitaji mita ngapi za mraba? Katika nchi za baridi, ambako bakteria hufanya kazi polepole, jibu huwa tano au zaidi. Katika nchi za joto hukadiriwa kati ya moja na tatu, kutegemea aina ya kitanda. Tuchukue mbili.

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu zaidi ya 185,000 katika kaunti ndogo ya Kibra, ambamo Kibera imo. Zidisha kwa mbili, unapata mita za mraba 370,000, yaani hekta 37. Bwawa zima, siku lilipokuwa jipya na halijamegwa upande wowote, lilikuwa na hekta 35 na ushei.

Kwa maneno mengine, tungelifunika bwawa lote kwa kokoto na mafunjo, ukingo hadi ukingo, bila kubakiza pa kuelea hata bata mmoja, na bado pasingetosha kwa Kibra peke yake. Kokoto za hekta hizo 37, kwa kina cha sentimita 60, zingekuwa mita za ujazo 222,000. Lori likibeba mita za ujazo 10, ni safari zaidi ya 22,000.

Hesabu hiyo ni ya juu juu, na si kila mtu wa kaunti hiyo ndogo anamwaga maji yake mtoni. Wapo wenye nyumba zilizounganishwa na bomba la majitaka. Hata hivyo inatuonyesha ukubwa wa jambo. Kinamasi ni figo. Figo husafisha damu ya mwili ulio hai, lakini ukimnywesha mtu sumu kila siku, hakuna figo itakayostahimili. Hivyo kabla ya kuuliza tutapanda nini bwawani, inatubidi tuulize tutapunguza nini huko juu.

Choo chenye ghorofa

Gatwekera yenyewe imewahi kutoa jibu moja. Shirika la Umande Trust, lililoanzishwa mwaka 2004, pamoja na vikundi vya wakaazi, lilijenga humo kituo cha TOSHA, kimojawapo cha vile vinavyoitwa vituo vya bayogesi. Ukikitazama kutoka nje ni jengo la mviringo lenye ghorofa. Chini kuna vyoo na bafu za kulipia, juu kuna vyumba vya mikutano na ofisi. Chini ya ardhi, pasipoonekana, kuna kuba la matofali lililozibwa hewa isiingie, ambamo kinyesi huoza na kutoa methani. Gesi hiyo hupanda kwa bomba hadi kwenye jiko la kituo, na sufuria ya chai inachemka.

Kila mfuko ambao haukutupwa usiku kwa sababu kituo kilikuwa karibu ni mzigo uliopungua kwenye Mto Motoine. Jambo hilo halina ubishi. Lakini sayansi inatudai ukweli wote. Methani ni kaboni na hidrojeni. Kuba linatoa kaboni na kuacha karibu nitrojeni na fosforasi yote kwenye maji yanayotoka. Anayepika kwa gesi hiyo amesaidia mapafu yake na pia mtaro wake, ila gugu maji lililo kule chini bado litapata chakula chake iwapo maji ya mwisho yataachwa yateremke bure.

Kwa hiyo kuba linahitaji mwenzi. Mahali penye nafasi, mwenzi huyo ni kitanda kidogo cha kokoto. Gatwekera haina nafasi. Chumba cha kawaida kina futi 10 kwa 10, na jirani ameegemeza ukuta wake kwenye ukuta wako. Hapo mwenzi wa kweli ni bomba la majitaka. Kwa muda mrefu wahandisi walisema mtaa wa vichochoro hauwezi kutandazwa bomba, kwa kuwa kanuni zilitaka bomba nene, mtaro wenye kina kirefu, na barabara ya kupitisha mashine. Mapema miaka ya 1980, katika mji wa Natal, Brazil, wenzao walijaribu njia nyingine: bomba jembamba, lisilozikwa mbali, linalopita uani na vichochoroni, na majirani wakilitunza kwa pamoja. Mfumo huo ulikubali, ukaenea. Nairobi imeuleta Mukuru, mtaa uliotangazwa eneo maalumu la mipango mwaka 2017. Hakuna sababu ya kihandisi ya kufanya uishie hapo.

Mawe ndani ya waya

Mzigo mwingine ni mashapo, na huo hauhitaji bomba. Unahitaji mwendo wa maji upunguzwe.

Kwenye ukingo wa bwawa, huko Soweto Mashariki, wakaazi na wasanifu wa shirika la Kounkuey Design Initiative walianza kazi ya namna hiyo miaka ya mwisho ya 2000. Shirika hilo lilizaliwa mwaka 2006 kutokana na wanafunzi wa usanifu wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Mahali walipochagua palikuwa jaa la taka kwenye kona ya kijito kinachofurika. Taka ziliondolewa, ardhi ikainuliwa, na ukingo ukashikwa kwa gabioni, yaani vikapu vya waya vilivyojazwa mawe. Juu yake pakawekwa banda la mikutano, uwanja wa watoto na vibanda vya biashara. Kikundi cha wakaazi kikachukua funguo. Wengine walitengeneza mboji, wengine wakasuka vikapu kwa gugu maji lililokaushwa. Tangu hapo maeneo ya aina hiyo yameongezeka hadi kupita kumi, mengi yakiwa kando ya vijito vya Kibera.

Fundi asiyezoea anaweza kushangaa kwa nini mawe ndani ya waya na si ukuta wa saruji. Saruji hushindana na maji: ikipasuka mahali pamoja, mto huingia nyuma yake na kuubomoa wote. Gabioni hunywa. Maji yanapita katikati ya mawe bila kujenga shinikizo nyuma yake, udongo ukisogea kikapu kinajikunja kidogo na kukaa, na baada ya misimu miwili mitatu tope limejaa nafasi zilizo kati ya mawe, nyasi na matete yakaota, mizizi ikashika kazi iliyoanzwa na waya. Ukuta wa saruji huanza kufa siku unapomalizika. Ukingo wa gabioni huimarika kadiri unavyoota.

Sifa nyingine ya maeneo hayo haipimwi kwa maabara. Kibanda kinachouza maji, ukumbi unaokodishwa na uwanja ambamo watoto hucheza vina wenyewe, na mwenye mali hulinda. Mtu akija na toroli la taka usiku, kuna wa kumwuliza anakwenda wapi. Ile kanuni ya mkahawani imerudi kwa sura nyingine: kinamasi kinachoishi ni kile chenye mtu anayeumia kikifa.

Mita 30 ni vyumba kumi

Kanuni za Kenya za ubora wa maji za mwaka 2006 zilikataza ujenzi karibu na mto, kwa upana usiopungua mita 6 wala kuzidi mita 30 kutoka alama ya juu kabisa ambayo maji yamewahi kufika. Kwenye karatasi ni mstari tu. Gatwekera, chumba cha futi 10 ni mita 3. Mita 6 ni vyumba viwili. Mita 30 ni vyumba kumi kwa mstari, na nyuma ya kila mlango kuna familia.

Mvua za Machi hadi Mei 2024 ziliua zaidi ya watu 280 nchini. Baada yake serikali iliamuru wote walio ndani ya mita 30 za mito wahame, na matingatinga yakaingia Mathare na Mukuru. Kibera inaujua mlio huo tangu Julai 2018, nyumba na shule zilipobomolewa kupisha barabara inayounganisha Ngong Road na Lang'ata. Hakuna anayebisha kwamba mto unahitaji mahali pa kupanuka. Ukingo wenye mizizi hupunguza mbio za maji, hunasa mashapo na huokoa walio chini. Lakini ukingo ulioachwa wazi bila mimea wala mlinzi hukaa mtupu msimu mmoja. Msimu wa pili una jaa la taka, wa tatu una vibanda vya mabati vya wale waliokosa pa kwenda.

Hapo ndipo uhandisi unapokuwa na la kusema kuhusu haki. Tofauti ya mita 6 na mita 30 inaweza kujadiliwa sehemu kwa sehemu, kwa kupima mafuriko yanafika wapi hasa, na kwa kujenga ukingo wa ngazi: ngazi ya chini ya matete inayokubali kuzama, ya kati ya gabioni, ya juu ya njia ya miguu. Ukingo mwembamba uliobuniwa vizuri na wenye wenyewe unaweza kuutumikia mto kuliko mpana uliotelekezwa. Na familia ambayo lazima ihame inastahili kujua inahamia wapi kabla tingatinga halijawashwa.

Maji kwanza, miche baadaye

Wanaofufua mikoko wamejifunza jambo ambalo watu wa bara wangefanya vyema kuliazima. Kwenye pwani nyingi za dunia, watu walipanda miche kwa maelfu, wakapiga picha, na baada ya miaka michache miche mingi ikafa. Mtaalamu mmoja wa Florida, Robin Lewis, alitumia maisha yake kueleza sababu: mkoko ukipandwa mahali ambapo maji ya kupwa na kujaa hayafiki kwa kiwango chake, hauishi. Yakirekebishwa maji, mara nyingi mbegu huja zenyewe na hakuna haja ya kupanda. Pale Ghuba ya Gazi, kusini mwa Mombasa, mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza kuuza hewa ukaa mwaka 2013 kutokana na hekta 117 za mikoko umesimama kwa sababu ya kulinda kwanza msitu uliopo, na kwa sababu fedha zake hurudi vijijini kama maji ya bomba na madawati ya shule.

Kampala nayo ina somo. Kinamasi cha Nakivubo, chenye mafunjo, kwa miaka mingi kimepokea majitaka ya jiji kabla hayajafika Ziwa Victoria, karibu na mahali jiji lenyewe linapochota maji ya kunywa. Mwaka 1999 wachumi wakiongozwa na Lucy Emerton walikadiria kwamba huduma hiyo ina thamani ya kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 za Marekani kwa mwaka. Kinamasi ambacho kila mtu alikiita ardhi tupu kilikuwa mfanyakazi asiyelipwa mshahara. Hilo halikuzuia kumegwa kwake.

Tukiyaleta hayo Bwawa la Nairobi, utaratibu unajipanga wenyewe. Kwanza vyoo na mabomba membamba juu mteremkoni, ili mtaro ubaki na maji ya mvua na ya kuoshea vyombo. Pili, vizuizi vya mashapo kwenye vijito, na kingo za mawe na mizizi zenye vikundi vya kuzitunza. Tatu, pale mto unapoingia bwawani, dimbwi la kunasa mchanga lenye njia ya mashine kuingia na kulizoa kila kiangazi, kwa kuwa mchanga utakuja tu. Nne, nyuma ya dimbwi hilo, vitanda vya mafunjo na matete vinavyovunwa kwa zamu. Mwisho kabisa, maji ya wazi. Mkulima wa nduma anaweza kuwa na nafasi humo, maana nduma ni mmea wa kinamasi tangu asili. Ila hapo alipo sasa analima ndani ya majitaka mabichi, na vimelea havichagui mkono wa nani.

Machi 2025, Rais William Ruto alizindua mradi wa kufufua Mto Nairobi, wa kilomita 27 hivi. Ni habari njema kwa mto mkuu. Lakini mto mkuu ni jumla ya mitaro. Maji yakitoka Bwawa la Nairobi hubadili jina yakawa Mto Ngong, yakapita viwandani na Mukuru, yakaungana na Mto Nairobi, kisha Athi, Galana na Sabaki, mpaka yanapoitia wekundu bahari kaskazini mwa Malindi. Mvuvi wa Mambrui anayeutazama wekundu ule hajawahi kusikia jina la Gatwekera, lakini wana mtaro mmoja.

Hivyo siku mradi wowote wa kulifufua bwawa utakapotangaza kwamba umefaulu, tusiende kwanza ukingoni kupiga picha za bata. Twende Gatwekera, wakati wa masika, tusimame kwenye ubao wa kuvukia. Ikiwa mvua imenyesha usiku kucha na chini ya ubao yanapita maji ya mvua tu, na viatu bado viko sakafuni, basi huko chini bwawa linapona.